Kimya Kilichosikika Nyumba Thelathini

Nianze na wale walioniandikia. Bibi mmoja wa Mtwapa ameuliza kupitia gazeti hili kama mimi Badi nina akili timamu. Bibi, soma hadi mwisho kisha ujijibu mwenyewe. Mimi nimejaribu nikashindwa.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mpiga kinanda na mwimbaji wa Mambrui. Nilirekodi kaseti yangu ya kwanza, jalada lina picha yangu nimevaa suti ya kuazima. Hoteli moja ya Malindi iliniahidi kwamba nitaimbia wageni, ikanitoa nje beti ya pili. Katoni moja ya kaseti iliharibikia juani kwenye dirisha la duka la Njoroge. Katoni ya pili ilibaki chini ya kitanda changu, nami nililala juu yake kila siku nikijua nalalia aibu.

Na lililoniuma kuliko hayo yote ni posa. Nilituma wazee kwa Mzee Shee, mpika halua, nikimtaka bintiye Mahfudha. Kwa ujinga wangu nikawapa na kaseti wampelekee. Mzee aliishika kwa vidole viwili akawarudishia.

"Mwambieni kijana wenu," akasema, "binti yangu haolewi na kelele."

Haukupita muda tukasikia Mahfudha kaposwa na Seif, yule mwenye malori ya kubeba korosho kutoka Magarini. Nikaha ikapangwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mahfudha akaniletea maneno kwa mdomo wa shoga yake Shekha: "Mwambie Badi mimi sitaki malori. Lakini afanye kitu, asikae akinitungia mashairi tu."

Hapo ndipo nilipowaachia. Leo naungama nilichofanya. Sehemu kubwa yake, Mungu anisamehe, siijutii.

Nyumbani kwetu alipanga Mumbua, dada wa Kikamba, karani wa simu. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na simu zetu za Mambrui ziliungwa kwa mkono. Unazungusha mpini wa simu yako, pale kituoni kibati kinaanguka kwenye ubao, Mumbua anauliza wamtaka nani, anachomeka kamba kwenye tundu la huyo umtakaye. Nyumba na maduka yenye simu yalikuwa thelathini. Mumbua alikuwa peke yake pale mchana kutwa, na kwa mshahara ule alisomesha wadogo zake wawili huko Mwingi.

Mama yangu alimpenda. Kila mchana alinituma nimpelekee chakula kituoni, kwenye kapu, kimefunikwa kawa. Mama hakujua kwamba chini ya sahani nilitia kinanda changu kidogo. Mumbua akila, mimi namwimbia. Saa nane mji mzima umejinyoosha kwa joto, hakuna anayepiga simu.

Siku moja nimemaliza beti, tukasikia mwanamke anasema kutoka kwenye ubao: "Hiyo ngoma imeisha ama mnapumzika?"

Mumbua karibu apaliwe. Alikuwa amesahau kamba kwenye tundu la duka la Njoroge. Aliyesema ni Jedida, mkewe Njoroge, aliyekuwa amekaa na mkono wa simu sikioni akisubiri kuungwa na Malindi.

"Samahani, mama," Mumbua akasema. "Nakuunganisha sasa hivi."

"Malindi itangoja," Jedida akasema. "Mwambie aendelee."

Mimi nikamtazama Mumbua. Mumbua akautazama ubao, matundu thelathini, kamba zote zinaning'inia hazina kazi.

"Badi, usinitazame hivyo," akasema. "Mimi hii kazi naitaka."

"Beti moja tu."

"Beti moja inaleta ingine."

Lakini alikuwa ameshaanza kuchomeka. Watu hawamjui Mumbua. Uso wake ni wa ofisi, mikono yake ni ya utundu.

Akapiga kengele nyumba zote kwa pamoja. Wakaitika, wengine na usingizi puani. Mumbua akabana sauti yake ya serikali, akasema: "Wateja, kaeni kwenye laini. Kuna muziki." Hakuongeza neno. Nami nikaimba, nimebadilisha sauti kidogo, nimeivutia kooni ili nisijulikane.

Siku ya nne mji haulali tena saa nane. Watu walikuwa wanangoja.

Waliamini ni jambo la wakubwa. Wengine walisema mwimbaji yuko Nairobi, wengine wakasema yuko Zanzibar na waya umepita chini ya bahari. Mwambire wa duka la mbao ndiye aliyegundua kwamba ukiuweka mkono wa simu ndani ya sufuria tupu, sauti inajaa chumba kizima. Tangu hapo ukipita mitaani saa nane wasikia kinanda changu kikitoka masufuriani, nyumba baada ya nyumba. Mama yangu hana simu, akawa anakwenda kusikilizia zahanati kwa nesi Idah. Alirudi jioni akaniambia: "Badi mwanangu, yuko mtu anaimba kwenye simu. Msikilize huyo ujifunze."

Nikamwambia nitajitahidi.

Tatizo la simu, ama raha yake, ni kwamba inasikia huku na huku. Nyumba zote zimeunganishwa, basi mmoja akipiga chafya Mambrui nzima yamwombea afya. Mwambire alikoroma hadharani siku mbili. Jedida alimsema Njoroge kuhusu soksi zake, na kesho yake dukani kila mteja aliangalia chini. Wakati wa beti watu walinyamaza, lakini nikipumzika tu, maongezi yakaanza. Na baada ya maongezi yakaanza matuzo.

Mnajua wenyewe, taarabu bila kutunza si taarabu. Wimbo ukikugusa unainuka, unamwendea mwimbaji, unamtuza mkononi watu wakikuona. Sasa mwimbaji yuko ndani ya sufuria. Utamtuza wapi?

Jedida ndiye aliyefungua njia. "Mimi natunza," akasema mbele ya nyumba thelathini. "Natunza kwa kununua kaseti ya huyu mtu."

"Kaseti iko?" Idah akauliza.

"Iko kwetu dukani," akasema Njoroge, ambaye hakuwa nayo.

Siku hiyo hiyo alikuja kwetu mbio, maana nyimbo zile alizijua: kaseti zangu zilikaa dirishani kwake. Nilivuta katoni chini ya kitanda. Tukatoa majalada yenye picha yangu na suti yangu, tukatia karatasi nyeupe imeandikwa neno moja: MGENI. Njoroge akaapa hatasema, na kwa sifa yake hakusema. Kaseti zile zile zilizokataliwa zikaisha kabla ya wiki kwisha, Njoroge akawa anaandika oda za zijazo. Mzee Shee alinunua mbili. Moja ilikuwa ile ile aliyoishika kwa vidole viwili, naijua kwa mkwaruzo wake.

Nilicheka peke yangu hadi machozi yakanitoka. Kisha nikakumbuka Ijumaa, kicheko kikakatika. Kaseti zinanunuliwa, na Mahfudha anakwenda kwa Seif. Ningepata faida gani?

Ikaja Jumanne ya wiki ya nikaha.

Nilitunga beti mpya, nikaimba nikijua nani yuko kwa Mzee Shee karibu na sufuria:

Naimba sionekani, sauti mwaisikia,
Niko mbali niko ndani, nyumba yenu naingia,
Mpenzi yuko chumbani, jina nimelizuia,
Asiulizwe jirani, ajuaye katulia.

Nilimaliza. Kisha Mzee Shee akashusha pumzi, nikaisikia.

"Huyu mtu," akasema, "ananiua."

"Natunza kaseti mbili," akasema Idah.

"Tano," akasema Seif kutoka kwenye yadi ya malori yake. Seif hakupenda muziki hata kidogo. Alipenda kusikika.

"Sita," akasema Mwambire.

"Kumi," akasema Seif. "Na halua ya Mzee Shee, mkwe wangu, sinia nzima, apelekewe huyo mwimbaji popote alipo. Nimelipia mimi."

Watu wakamsifu. Mimi nikajua Mzee Shee hatalinyamazia hilo. Mtu anatunza halua yako mwenyewe, mbele ya mji, wewe umekaa hujatunza kitu. Nikabonyeza kinanda polepole, nikirudia ule mstari wa mwisho bila maneno. Nakiri ilikuwa makusudi.

"Seif," Mzee akasema, "kutunza cha kununua ni rahisi. Mimi natunza nilicho nacho nyumbani."

"Nini hicho, Mzee Shee?" Njoroge akauliza. "Sema polepole, mimi naandika."

"Huyu mwimbaji akisimama mbele yangu, popote anapotoka, namtunza binti yangu. Namwoza Mahfudha, na mahari simuulizi."

Aliamini mwimbaji yuko Zanzibar. Alitunza kitu ambacho hakuna atakayekuja kukidai. Alitaka kumzidi Seif tu.

Vidole vyangu vikasahau kinanda. Mumbua alikuwa ametia ngumi mdomoni.

"Mzee, utani huo," Seif akasema.

"Hakuna utani," ikasema sauti nyingine. Ilikuwa ya Maalim, aliyetufundisha mimi na Mahfudha Kurani chuoni tukiwa wadogo, na aliyekuwa na simu ya msikiti. "Tumesikia nyumba thelathini. Ahadi ya kuoza haina utani. Lakini haitoshi neno la baba. Binti mwenyewe kaulizwa?"

"Yuko hapa," akasema Mzee Shee, na sasa alikuwa hana pa kurudi. "Mahfudha. Umesikia. Akija mwimbaji huyu, wamkubali?"

Desturi yetu mwaijua. Mwari akiulizwa hasemi ndiyo. Akikataa atasema, au atalia. Akinyamaza, amekubali, na mashahidi wanakishuhudia kimya chake.

Sasa Mahfudha si mtu wa kunyamaza. Chuoni alibishana na Maalim hadi Maalim akatoka nje kupunga upepo. Siku nzima ukipita kwao wasikia anasema. Siku hiyo nilimsikia amenyamaza. Hakukohoa, hakusogeza kiti, hata bangili haikugonga. Nyumba thelathini zilisikiliza kimya cha mtu mmoja, nami machozi yalinitoka kwenye kituo cha simu na sahani ya wali magotini.

"Kimya chake tumekisikia," Maalim akasema. "Hadi Ijumaa. Mwimbaji akitokea, ndiye. Asipotokea, Seif ana posa yake."

Mumbua akang'oa kamba zote kwa mkupuo.

"Nenda," akaniambia. "Nenda sasa hivi ukamwambie ni wewe."

Nikainuka. Kisha nikaketi tena.

"Nikisema ni mimi," nikasema, "watauliza nilikuwa naimbia wapi."

Alianza kuzikunja kamba moja moja, polepole mno.

"Wadogo zako?" nikauliza.

"Mmoja anafanya mtihani mwaka huu," akasema. "Lakini wewe nenda, Badi. Mimi nitajua la kufanya."

Sikwenda. Nilirudi nyumbani na kapu langu. Mama akaniuliza mbona Mumbua hakumaliza chakula, nikamwambia hana njaa. Ndugu wasomaji, nilikuwa nimeshinda, na sikuweza kuchukua nilichoshinda. Sijawahi kukereka hivyo.

Jumatano hatukuimba. Nilikwenda kituoni tu kumwambia Mumbua kwamba nimepata njia: nitamwambia Mzee Shee kwa siri, nitamwapisha. Kinanda kiko magotini, nakifuta vumbi. Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Seif. Alikuja kumuuliza Mumbua huyo mwimbaji anatoka wapi. Akanitazama mimi, akakitazama kinanda, akalitazama kapu na kawa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mpaka sinia ya halua nimekulipia."

"Seif," nikasema, "sikiliza."

"Nisikilize mara ngapi? Wiki mbili nakusikiliza." Akavuta kiti akaketi, akatabasamu. Seif akitabasamu ni vibaya. "Karani, mkubwa wako wa Mombasa namjua. Malori yangu yamemhamishia vyombo. Nikimwambia simu za watu umezigeuza ukumbi wa harusi, wewe kesho uko kwenu Mwingi."

"Wataka nini?" Mumbua akauliza.

"Mimi sitaki makubwa. Kesho saa nane Badi ataimba kama kawaida, vizuri kabisa. Na mimi nitakuwa hapa hapa. Kabla hajaanza nitasema: mwimbaji ni mimi Seif."

"Hakuna atakayeamini," nikasema. "Jana ulikuwa unatunza."

"Nilikuwa najitunza mwenyewe," akasema. "Wataamini. Wananijua."

Na kweli. Hadi magharibi mji mzima ulikuwa umeamini. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Shee akajitaja, na Mzee alimkumbatia hadi kofia ikaanguka. Mnaona mambo yalivyomnyookea? Ahadi yake imetimia, mwimbaji amempata, na malori juu. Jambo moja tu lilibaki, Maalim akalisema: "Basi kesho aimbe tumsikie, atutajie jina lake kwenye waya ule ule uliobeba ahadi."

Shekha akaja kwetu jioni na maneno ya Mahfudha. Yalikuwa machache. "Anasema, ukiimbia Seif usimtafute tena."

Nikamwambia Shekha amweleze Mahfudha habari ya Mumbua na wadogo zake. Shekha akasikiliza yote, akajifunga buibui, akaondoka bila kusema kama ataieleza.

Alhamisi.

Nilikwenda kituoni nimeamua kuimba vibaya. Niliamua nipoteze sauti, nikosee vina, nimwaibishe Seif kwa jina lake mwenyewe, na Mzee Shee arudishe ahadi yake kwa hasira. Nililifurahia wazo hilo njia nzima. Mumbua aliliona usoni pangu kabla sijaweka kapu chini.

"Badi, ukiharibu," akasema, "huyu anainua simu hiyo hiyo anaongea na Mombasa."

Seif alikuwa amefika, kanzu imefukizwa udi. Kituo kizima kilinuka harusi.

"Uimbe vizuri," akaniambia. "Nimewaalika watu."

Saa nane Mumbua akachomeka kamba zote akapiga kengele. Nyumba thelathini zikaitika kwa mpigo mmoja. Seif akainama kwenye chombo cha kusemea.

"Assalaam aleikum, watu wa Mambrui. Mwimbaji wenu anasema nanyi leo waziwazi. Ni mimi Seif."

"Waaleikum salaam, mkwe wangu," Mzee Shee akasema, na sauti yake ilijaa furaha. "Tuimbie."

Nikaimba. Na kwa uchungu ule niliimba vizuri kuliko siku zote, kwa bahati yangu mbaya. Nilirudia beti ya Jumanne tangu mwanzo. Seif alisimama juu yangu akipepea mkono, anaongoza muziki asioujua, anachelewa kila pigo. Nilipomaliza mstari wa tatu nikapumzika, kama ilivyo ada, watu watunze.

"Natunza mbili," akasema Idah.

"Natunza tatu," akasema Jedida. "Lakini Seif, wewe kumbe una roho nzuri hivyo? Haikuonekana."

"Natunza," ikasema sauti nyingine.

Haikuwa sauti iliyowahi kutunza. Nilipoisikia nikajishika kwenye kinanda.

"Mahfudha?" Mzee Shee akasema. "Toka hapo kwenye simu, mwanangu. Wewe ni mwari."

"Natoka, baba. Nasema neno moja. Mimi nimefundishwa kwamba mwimbaji anatunzwa mkononi. Mtu hainuki akatunza sufuria." Nikasikia Jedida akicheka. "Seif beti hajaimaliza, kabakisha mstari mmoja. Aje hapa barazani sasa hivi aumalize, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Nina tuzo yangu, nataka nimpe mbele ya watu."

"Mahfudha!" akasema Mzee Shee.

"Ana haki," Maalim akasema. "Ndiyo ada. Seif, twende. Ni hapo tu."

Seif akaziba chombo cha kusemea kwa kiganja. Udi na jasho havipatani.

"Huo mstari," akaninong'oneza. "Huo wa mwisho. Niambie maneno."

"Na sauti je?" nikamnong'oneza. "Hiyo nitakupa kwa kapu?"

"Seif," Maalim akaita. "Watoka?"

Hapo kibati kikaanguka. Si kibati cha nyumba. Kilikuwa cha juu kabisa, cha peke yake, ambacho Mumbua alinionya siku ya kwanza kwamba kikianguka nisipumue. Kilikuwa cha Mombasa.

Mumbua akarukia kamba ajibu. Lakini kamba zote zilikuwa kazini. Akang'oa moja kwa haraka akaichomeka juu, na kwa haraka ile hakuona kwamba upande wake wa pili bado umeungwa na nyumba zote. Mombasa ikaingia kwenye nyumba thelathini.

"Mambrui," ikasema sauti ya mwanamume, kavu. "Ni mkubwa wako. Wiki nzima naambiwa kuna mtu anaimba kwenye laini zangu, nikasema ni uzushi. Leo nimemsikia mwenyewe, sauti imevuja hadi kwangu. Ni nani huyo?"

Mumbua akageuka rangi.

"Karani, nakuuliza. Na pembeni yangu yuko afisa wa polisi anauliza pia. Sitaki jina lako, lako ninalo. Nataka la anayeimba. Ajitaje mwenyewe."

Mji mzima ulikuwa unalijua jina. Ulikuwa umeambiwa robo saa iliyopita.

"Si ni Seif," akasema Mwambire, kwa nia njema kabisa. "Amesema mwenyewe."

"Seif yupi?" Mombasa ikauliza. "Wa malori? Bwana Seif, upo hapo? Ni wewe?"

Nikamtazama Seif. Akisema ndiye, polisi. Akisema siye, Mzee Shee anasikia, Maalim anasikia, Mahfudha amesimama nyuma ya pazia na tuzo yake. Alifungua mdomo akaufunga. Akanielekezea kidole, lakini kidole hakisikiki kwenye simu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Seif hakutaka kusikika.

Tukangoja. Mombasa ikangoja.

"Bwana Seif ameulizwa," Maalim akaanza, kwa sauti ile ile ya Jumanne, "na kimya chake..."

Nikajua neno linalofuata. Kimya kile kikishuhudiwa, Seif ni mwimbaji. Atalipa faini yake na malori hayatapungua, na kesho Ijumaa ataoa. Mahfudha alinyamazia mwimbaji, na mwimbaji atakuwa Seif kwa ushahidi wa mji. Na nikisema mimi, naondoka na pingu, na Mumbua anaondoka na sanduku lake.

Nikamtazama Mumbua. Alinishika mkono akaubana, na hadi leo sijui kama alikuwa ananizuia ama ananisukuma.

"Ngoja, Maalim," nikasema.

Nilisema tu. Sikuimba. Nilisahau kuivuta sauti kooni. Ilitoka ile yangu ya nyumbani, ikaingia kila sufuria ya Mambrui.

Aliyenijibu wa kwanza hakuwa Maalim, wala Mombasa. Alijibu kutoka zahanati, kwa nesi Idah.

"Si Badi huyo?" akasema mama yangu. "Badi, wafanya nini kwenye simu za watu? Mumbua chakula amekula?"

Mumbua alikuwa amefumba macho.

"Badi ni nani?" Mombasa ikauliza.

"Mimi namjua," akasema Mzee Shee. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Bwana mkubwa wa Mombasa, huyo mwache kwanza. Nitafika kwake mimi kabla ya polisi wako."

Kisha nikasikia bakora yake ikiburuzwa sakafuni, na Mahfudha akisema, "Baba, ngoja nivae viatu, twende wote, tuzo yangu bado ninayo." Mlango wao ukafunguliwa. Kutoka kwao hadi kituo cha simu hata chai haipoi.